Vifurushi na vitabu vya hesabu: njia tano za kuviunganisha, na ya kuchagua duka lako likiwa dogo

Duka linalouza mtandaoni huwa na madaftari mawili, hata kama mwenyewe anadhani analo moja. La kwanza liko kwa msafirishaji: mzigo umetoka Nairobi, umefika Nakuru, mteja amelipa, pesa bado haijatumwa. La pili liko kwenye programu ya uhasibu: mauzo, gharama, salio la benki, kodi. Katikati yupo mtu, mara nyingi mwenye duka mwenyewe, anayekesha akinakili kutoka skrini moja kwenda nyingine. Njia za kumpunguzia kazi hiyo ziko tano, na zinatofautiana kwa bei, kwa ugumu na kwa aina ya makosa zinayozalisha.

Ninaandika nikimtazama zaidi mfanyabiashara wa Kenya mwenye till au Paybill ya M-Pesa, anayetuma mizigo mitano hadi mia moja kwa siku. Wa Tanzania atajikuta humu kwa sehemu kubwa. Mwenzetu anayeuza vitenge kutoka Minnesota au Texas nimemwekea nafasi yake, maana jibu lake ni jingine kabisa.

Kwanza ujue pesa iko kwa nani

Wengi huanza kwa kuuliza programu ipi inaungana na ipi. Kwangu swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: pesa ya mteja hupita mikononi mwa nani kabla ya kukufikia?

Wateja wako wakilipa kabla mzigo haujaondoka, kazi ni nyepesi. Pesa imeingia, msafirishaji unamlipa nauli yake, basi. Lakini wateja wakilipa mzigo ukifika, msafirishaji amekuwa mdaiwa wako. Ameshika pesa yako, atakata chake, na kilichobaki atakutumia kwa mkupuo mmoja pamoja na cha mizigo mingine thelathini.

Tuseme unauza viatu kwa KSh 3,000 na unamtoza mteja KSh 300 za kumfikishia. Msafirishaji anapokea 3,300 mlangoni. Anakata 280 za usafirishaji na asilimia 2 ya kukusanya pesa, yaani 66. Benki yako inaona 2,954. Ukiiandika hiyo 2,954 kuwa ndiyo mauzo, faida ya mwezi itatoka sawasawa, na hapo ndipo watu huamini hesabu iko salama. Kumbe mauzo yamepungua kwa 346, na gharama ya 346 haionekani popote.

Anayelipa TOT, ile kodi ya 3% kwa biashara yenye mauzo ya kati ya KSh milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, hapo amelipa pungufu, kwa sababu kodi hiyo hutozwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama. Aliyesajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, naye ana tatizo lake: VAT ya mauzo inahesabiwa kwenye 3,300, na ile iliyomo kwenye nauli ataidai tu akiwa na ankara ya msafirishaji. Na zaidi ya yote, ankara uliyotoa kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya (KRA), inasema 3,300, na KRA wanayo. Ritani yako ya kodi ikisema vingine, tofauti itajirudia mzigo baada ya mzigo.

Dawa yake ni akaunti moja ya mpito ndani ya leja, yaani kitabu kikuu cha programu ya uhasibu. Mimi huiita "Pesa kwa msafirishaji", na kila msafirishaji humfungulia yake. Mzigo ukifika, 3,300 inaingia humo: 3,000 ni mauzo ya bidhaa, 300 ni mapato ya usafirishaji. Taarifa ya msafirishaji ikija, 280 inatoka kwenda gharama za usafirishaji na 66 kwenda ada za ukusanyaji. Pesa ikiingia benki, 2,954 inatoka. Salio linabaki sifuri. Lisipofika sifuri, kuna mzigo uliopotea, uliorudishwa, au uliolipwa nusu, na unajua pa kuanzia kutafuta. Njia ya kuunganisha isiyoweza kuiheshimu akaunti hii haikufai, hata kama skrini yake inapendeza.

Mambo mengine mawili yaamuliwe kabla ya kununua chochote.

La kwanza ni siku ya kuandika mauzo. Programu nyingi za usafirishaji hupeleka taarifa kwenye uhasibu pindi lebo ya mzigo inapochapishwa. Kwa duka linalolipwa kabla, si tatizo kubwa. Kwa duka linalolipwa mzigo ukifika, mzigo uliotoka tarehe 30 ukakataliwa mlangoni tarehe 2 utakuwa umehesabiwa mauzo ya mwezi uliopita. Itabidi utoe hati ya kuifuta ankara ile, urudishe viatu kwenye hesabu ya bidhaa, na nauli ya kwenda na kurudi uibebe wewe. Kwa hiyo uliza: je, programu inaweza kusubiri hadi hali ya mzigo iwe "umepokelewa"?

La pili ni wapi ankara ya kodi inatoka. Inaweza kutoka kwenye duka la mtandaoni, kwenye programu ya usafirishaji, au kwenye uhasibu. Ikitoka sehemu mbili, umewatangazia KRA mauzo mara mbili. Chagua sehemu moja, na kwa duka dogo mimi husema iwe uhasibu, kisha zima kabisa uwezo wa kutoa ankara kwenye programu nyingine. Tanzania ni vivyo hivyo: risiti ya kodi ya EFD (mashine) au VFD (programu) itoke mahali pamoja tu.

Njia tano kwa mtazamo mmoja

| Njia | Inamfaa nani | Unalipia nini | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Kupakia faili kila wiki | Mizigo hadi 20 hivi kwa siku. Wanaotuma kwa basi | Saa za mtu mmoja | Mtu huyo akiugua au akisafiri |
| Kiunganishi cha tayari | Anayetuma kutoka Marekani au Ulaya | Ada ya kila mwezi, kwa dola | Wasafirishaji wengi wa hapa hawamo |
| Zapier au Make | Duka linalolipwa kabla, oda za mtandaoni | Kila hatua inayotendeka | Marejesho na malipo ya mkupuo |
| Mfumo mmoja wa kila kitu | Mwenye ghala, bidhaa nyingi, wafanyakazi | Kuhama na mafunzo | Miezi ya mwanzo |
| Kuandikiwa programu | Mizigo mingi kila siku, msafirishaji mwenye API (njia ya programu kuzungumza na programu nyingine) | Mtaalamu, kisha matunzo | Mtaalamu au msafirishaji akiondoka |

Kupakia faili

Ninaianza hii kwa sababu inadharauliwa bure. Msafirishaji anakutumia taarifa ya Excel au CSV kila anapokulipa. Unaifungua, unaisafisha, unaipakia kwenye programu ya uhasibu kama QuickBooks Online, Zoho Books au Xero. Hakuna umeme unaopita kati ya mifumo miwili, ila hesabu inatoka safi kuliko ya wengi waliolipia muunganisho.

Siri yake ni safu tatu zinazokaa kwenye mstari mmoja: namba ya oda, namba ya mzigo, na namba ya muamala wa M-Pesa, ile yenye herufi na tarakimu kumi. Ukiwa nazo zote tatu, mzigo wowote unaufuata kutoka kwa mteja hadi benki. Ukikosa moja, unaanza kubahatisha kwa majina na viwango, na siku wateja wawili wanaponunua viatu vya bei moja umekwama.

Usipakie mzigo mmoja mmoja kwenye leja. Andaa ingizo moja kwa kila mkupuo aliolipa msafirishaji: jumla ya mauzo, jumla ya nauli, jumla ya ada, kiasi kilichoingia benki. Faili lenye mizigo yote liambatishe kwenye ingizo hilo. Leja inabaki nyepesi, na mkaguzi akitaka undani anaufungua. Ankara za eTIMS zinabaki za kila mteja kama sheria inavyotaka. Kinachofupishwa ni upande wa makato na malipo ya msafirishaji.

Kwa wanaotuma kwa basi, hii ndiyo njia pekee ya kweli. Mzigo unaopelekwa kituo cha mabasi Nairobi, au stendi ya Magufuli kule Mbezi Dar es Salaam, unapewa risiti ya karatasi. Unaipiga picha, unamtumia mteja WhatsApp, na mzigo umeondoka. Hakuna programu upande wa pili ya kuungana nayo. Unachoweza kufanya ni kutengeneza fomu fupi ya Google Forms kwenye simu ya anayepeleka mizigo: namba ya oda, jina la basi, kiasi kilicholipwa, picha ya risiti. Anaijaza akiwa palepale dirishani, nayo inaingia kwenye jedwali moja kwa moja. Nimeona fomu ya namna hiyo ikiondoa ugomvi wa kila Jumamosi kati ya mwenye duka na kijana wake kuhusu nauli zilizotumika.

Kwa Kenya kuna jambo la kuangalia hapa. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki unapopunguza mapato yanayotozwa kodi. Risiti ya karatasi ya KSh 200 inaonekana ndogo, lakini mia tano za namna hiyo kwa mwaka ni KSh 100,000 ya gharama uliyolipa kweli na usiyoweza kuitumia. Msafirishaji anayekupa ankara moja ya eTIMS kila mwisho wa mwezi, yenye PIN yako ya KRA, anaweza kuwa nafuu kuliko anayetoza kidogo bila ankara. Anayelipa TOT hapati faida hiyo, kwa kuwa kodi yake haitazami gharama.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamtegemea mtu. Wiki moja ya uvivu inakuwa tatu, na mwisho wa mwezi faili zimerundikana. Mizigo ikivuka ishirini kwa siku, au wasafirishaji wakiwa zaidi ya wawili, muda unaotumika kusafisha faili huanza kuzidi bei ya njia nyingine.

Kiunganishi cha tayari

Hapa unazungumzia programu kama ShipStation, iliyoanzia Austin, Texas, au Shippo ya San Francisco. Zinavuta oda kutoka majukwaa ya kuuzia kama Shopify, Etsy, eBay au WooCommerce, zinalinganisha bei za USPS, UPS, FedEx na DHL, zinachapisha lebo, kisha zinapeleka taarifa kwenye QuickBooks Online au Xero, moja kwa moja au kupitia programu ndogo ya pembeni.

Kwa Mswahili anayetuma kutoka Marekani, hii ndiyo chaguo la kwanza, na sioni sababu ya kuhangaika na nyingine. Wasafirishaji wote wamo, wateja karibu wote wamelipa kwa kadi kabla, na swali la pesa iliyo kwa msafirishaji halipo.

Ana swali jingine, lakini. Bei ya lebo si bei ya mwisho. Msafirishaji anaupima mzigo upya kwenye mashine zake, na akikuta uzito au vipimo havilingani na ulivyoandika, anakutoza tofauti baadaye. Anwani iliyokosewa ina ada yake, na mafuta yana nyongeza yake. Tena uzito wenyewe si ule wa mizani tu. DHL Express huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata kama mizani inasoma kilo 4, na unatozwa kwa uzito ulio mkubwa. Muunganisho ukiandika bei ya lebo kuwa gharama na kuishia hapo, kila mwezi vitabu vitasema usafirishaji ulikuwa rahisi kuliko ulivyokuwa. Lazima ankara ya msafirishaji yenyewe iingie pia, na tofauti iende kwenye akaunti yake, ili uone kwa macho yako makosa ya vipimo yanakugharimu kiasi gani.

Mpangilio mmoja ubadilishe siku ya kwanza: kupeleka kila oda kama mteja mpya na ankara mpya kwenye uhasibu. Baada ya mwaka utakuwa na maelfu ya majina ya watu walionunua mara moja, na programu itakuwa nzito. Chagua muhtasari wa siku, au wa kila malipo. A2X, kwa mfano, imejengwa kwa ajili hiyo hasa: inachukua kila malipo kutoka Shopify, Amazon au Etsy na kuyaandika kama muhtasari mmoja uliogawanywa mauzo, ada na marejesho, unaolingana na kiasi kilichoingia benki.

Kwa anayetuma ndani ya Kenya au Tanzania, njia hii karibu haimhusu. Programu hizo hazikujengwa kwa kampuni za vifurushi za hapa, wala kwa pikipiki, wala kwa basi. Duka la Nairobi linalotuma vikapu Ulaya kwa DHL au FedEx linaweza kufaidika kwa upande huo peke yake, na hapo kumbuka kuwa bidhaa zinazouzwa nje ya Kenya zina VAT ya 0%, hivyo kiunganishi kisiwabandike wateja wa Berlin 16% ya wateja wa Kisumu.

Zapier na Make

Hizi ni programu za katikati. Unaziambia: oda ikilipwa kwenye duka la mtandaoni, tengeneza ankara kwenye uhasibu, ongeza mstari kwenye jedwali, mtumie mpeleka mizigo ujumbe. Huhitaji kujua kuandika programu.

Bei yake inapotosha mwanzoni. Zapier ina kiwango cha bure cha kazi 100 kwa mwezi, na kila hatua inayotendeka baada ya kichocheo inahesabiwa kazi moja. Oda 20 kwa siku zenye hatua tatu kila moja ni kazi 60 kwa siku, takriban 1,800 kwa mwezi. Kiwango cha bure kinaisha siku ya pili. Make hutoa zaidi bure na kwa kawaida ni nafuu kwa wingi, ila inadai uvumilivu zaidi kuipanga.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni kwamba njia hii hufanya kazi kwa tukio moja moja, na mkupuo wa msafirishaji si tukio moja. Pesa imeingia 88,620 ikiwa ni ya mizigo thelathini. Programu ya katikati haijui kuigawanya bila kuijengea ngazi nyingi ambazo mwenye duka hataweza kuzirekebisha. Pia inaweza kurudia. Mtandao ukikatika katikati ya hatua, ukabonyeza ijaribu tena, ankara inaweza kutoka mara mbili. Ili kuzuia hilo, kila mara hatua ya kwanza iwe kutafuta: je, namba hii ya oda tayari ipo? Kama ipo, isimame.

Na inaweza kuzimika kimya. Ruhusa uliyoipa ya kuingia kwenye uhasibu inakwisha muda, barua pepe ya onyo inaingia kwenye kapu usilolifungua, na wiki mbili za mauzo hazijaandikwa.

Mimi ningeitumia kukusanya taarifa kwenye jedwali na kutuma ujumbe kwa wateja. Kuiachia leja, hapana, isipokuwa duka linalolipwa kabla kwa asilimia mia.

Mfumo mmoja wa kila kitu

Badala ya kuunganisha programu mbili, unahamia kwenye moja iliyo na oda, ghala, usafirishaji na uhasibu. Odoo kutoka Ubelgiji, ERPNext kutoka India, na jozi ya Zoho Inventory na Zoho Books ndizo utakazotajiwa zaidi.

Tofauti kati yao ni ya msingi. Toleo la bure la Odoo halina uhasibu kamili. Lina ankara tu, na uhasibu uko kwenye toleo la kulipia. ERPNext ni huria na uhasibu wote umo, ila lazima mtu aiweke kwenye seva na kuitunza, au ulipie huduma ya kutunziwa. Zoho haikuhitaji seva, na vipande vyake viwili vinatumia orodha moja ya bidhaa na wateja, kwa hiyo mzigo ukitoka ghalani leja inajua papo hapo.

Faida kubwa ya njia hii sijaiona kwa wauza vitu vichache. Iko kwa anayeagiza bidhaa. Nauli ya kuleta bidhaa na nauli ya kuzipeleka kwa mteja ni vitu viwili tofauti kihasibu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinataka nauli ya kuleta, ushuru wa forodha na gharama za kupakua ziwe sehemu ya bei ya bidhaa yenyewe. Nauli ya kumpelekea mteja ni gharama ya kuuza. Ukilipa KSh 60,000 kusafirisha jozi 400 za viatu kutoka Guangzhou, kila jozi imeongezeka KSh 150. Ukiiandika yote kuwa gharama ya mwezi ule, utaona hasara mwezi wa kupokea na faida ya uongo miezi inayofuata, na pengine utapanga bei ya kuuza chini ya inavyostahili. Odoo na ERPNext zina sehemu maalum ya kugawa gharama hizi kwa kila bidhaa. Njia nyingine katika makala haya kwa kawaida zitakulazimisha uigawe kwa mkono.

Upande wa wasafirishaji, usitarajie muujiza. Viunganishi vya Odoo ni vya DHL, UPS, FedEx na wenzao. Kwa kampuni za hapa utaweka jedwali lako la bei kwa maeneo: Nairobi kiasi hiki, Mombasa kiasi hiki, Eldoret kiasi hiki. Si muunganisho kamili, lakini gharama ya kukadiria inaingia siku ile ile na unairekebisha taarifa ikija.

Kuhama ndiko kunakoumiza. Orodha ya bidhaa lazima isafishwe, masalio ya wadai na wadaiwa yahamishwe, wafanyakazi wafundwe. Fanya hivyo mwanzoni mwa mwaka wa hesabu, si Novemba wakati oda za Krismasi zinakuja.

Kuandikiwa programu yako

Mtaalamu anaunganisha API ya msafirishaji, API ya uhasibu, na Daraja, ile API ya Safaricom ya malipo ya M-Pesa, ili malipo hayo yaingie kwenye leja yenyewe. Ikifanywa vizuri, hakuna inayoifikia. Mzigo unapokelewa Thika saa nane mchana, saa nane na dakika moja akaunti ya mpito imeandikwa.

Upande wa M-Pesa, kilicho muhimu kuliko ustadi wa mwandishi ni aina ya namba unayolipiwa. Kwenye Paybill mteja anaandika namba ya akaunti, na ukimwambia aweke namba ya oda, malipo yanajitambulisha. Kwenye till hakuna nafasi hiyo. Wataalamu wengine hujaribu kulinganisha kwa namba ya simu, lakini Safaricom huficha namba ya mteja katika taarifa za malipo zinazotumwa kwa mfumo wa muuzaji, hivyo njia hiyo imefungwa. Kama unatarajia kufika hatua hii siku moja, hamia Paybill mapema, au tumia ombi la malipo linalojitokeza kwenye simu ya mteja likiwa na namba ya oda tayari.

Hatari zake ni za kudumu. Mwaka 2023 kampuni ya Sendy ya Nairobi, iliyokuwa ikitegemewa na wauzaji wengi kupeleka mizigo, ilifunga shughuli zake. Aliyekuwa amelipia muunganisho ulioshonwa kwa ajili ya msafirishaji mmoja hubaki na programu isiyo na wa kuzungumza naye. Kwa hiyo mwambie mtaalamu atenganishe sehemu ya msafirishaji na sehemu ya leja, ili msafirishaji akibadilika ubadilishe kipande kimoja. Funguo za mifumo zisajiliwe kwa barua pepe ya biashara, si yake binafsi. Na kwa kuwa programu hiyo itahifadhi majina, simu na makazi ya wateja, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022; anayeweza kuona taarifa hizo awe anayezihitaji tu.

Mimi ningechaguaje

Unauza vipodozi Instagram, mizigo kumi kwa siku, nusu kwa boda ya mjini na nusu kwa basi: faili na fomu. Pesa uliyotaka kununulia programu mlipe mhasibu wa saa mbili kwa wiki.

Una duka la Shopify, mizigo arobaini kwa siku, wasafirishaji wawili, na wateja wengi hulipa mzigo ukifika: faili la kila mkupuo kwa upande wa leja, na Make kwa kukusanya namba za mizigo na kuwatumia wateja ujumbe. Usiruhusu njia hizo mbili ziandike kitu kimoja.

Unaagiza kontena au hata sehemu ya kontena, una ghala na watu watatu: mfumo mmoja. Kama hakuna mtu wa kompyuta karibu, Zoho. Kama yupo na bajeti ni ndogo, ERPNext.

Unatuma kutoka Marekani: kiunganishi cha tayari, kwa muhtasari wa siku.

Unatuma mamia kwa siku na msafirishaji wako ana API iliyoandikiwa maelezo ya kueleweka: andikiwa yako, lakini baada tu ya kuendesha akaunti ya mpito kwa faili kwa miezi mitatu, kwa sababu mtaalamu atajenga kile utakachoweza kumweleza, na ambaye hajawahi kufuatilia mzigo uliorudishwa kwenye leja hawezi kumweleza mtu mwingine.

Kabla ya kulipia yoyote, omba majaribio na uingize wiki moja ya kweli, yenye mzigo uliorudishwa, mzigo uliolipwa nusu kwa M-Pesa na nusu taslimu, na mzigo ambao mteja alibadilisha saizi. Karibu kila programu hupita mtihani wa mizigo iliyokwenda vizuri. Tazama hiyo mitatu imeandikwaje, kisha fungua akaunti ya mpito uone salio lake. Muuzaji wa programu akikuambia salio lililobaki ni "la kawaida", mwombe akuonyeshe ni la mzigo gani.